Kipimo cha Mwanaidi Hakikukosea

Kambini, Makete
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Na ya pili shikamoo, ile ya kupiga magoti, maana ningekuwa karibu ningeitoa hivyo. Goti lako la kushoto linasemaje, bado linakusumbua ukipanda kile kilima cha kutoka stendi? Shangazi Mwamvita hajambo? Mihogo ya bondeni mmewahi kuing'oa, au mwaka huu pia mmewalimia ngedere? Na Mwanaidi hajambo? Hilo la mwisho nimeliandika kama salamu, mama, lakini si salamu. Tangu Jumatano sina swali lingine kichwani.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku unaijua kwa kusimuliwa, asubuhi maji ya kuswakia yanauma hadi kwenye fizi. Barabara tunayoijenga imeshavuka mto, na wanasema mvua zikichelewa tutafika ng'ambo ya pili ya mlima. Hizo ndizo habari nzuri, na nimezimaliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Simu yako naiogopa, mama. Tangu masikio yako yaanze kuchoka unaiweka sauti kubwa, na kila nikipiga anaitikia shangazi, anaitikia jirani aliyekuja kuazima kinu, siku moja aliitikia hata muuza samaki akaniuliza huku dagaa ni bei gani. Mara mbili wiki hii nimepiga nikitaka kusema, na mara mbili nimeishia kuuliza habari za mihogo. Haya si ya sauti kubwa. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi za kutengana, kama zile ulizofundishwa kwenye kisomo cha ngumbaru ulipokuwa msichana. Weka kidole chini ya neno, soma peke yako chumbani, usimpe mtu akusomee.

Ninayoomba ni mawili, na nayataja mapema ili hata ukikasirika ukaitupa barua katikati uwe umeshayasoma. La kwanza, Mwanaidi arudishiwe vidonge vyake leo hii unapopata barua, na Alhamisi mkweo Tatu ampeleke Dar kupigwa ile picha ya kichwa. La pili, Ijumaa usisomeshe albadiri. Sababu iko mbele. Nakujua, usiruke mistari kuitafuta.

Nianze na niliyoyasikia, unisahihishe nilipokosea. Tatu alinipigia Jumatano kutoka Visiga, analia mpaka simu inakwaruza. Mengine nilikuwa nimeshayapata kwake siku za nyuma, kidogo kidogo, kama mke anavyompa habari mume aliye mbali ili asimvunje moyo. Kwamba mtoto alianguka mara ya kwanza madrasa, mkasema ni jua. Kwamba mara ya pili alianguka pale uani kwetu karibu na jiko la mkaa, mkono ukalala juu ya makaa, na watu wazima watatu waliokuwepo wakarudi nyuma. Walirudi nyuma kwa sababu wote tumelelewa tukiambiwa kwamba mwenye kifafa akijamba wewe umemshika, basi umekipata. Mwanangu wa miaka minane anaungua, na watu wanaogopa ushuzi.

Aliyeruka ua ni Mama Ombeni. Yule jirani yetu Mlutheri, mwenye banda la nguruwe nyuma ya nyumba yake. Alimtoa mkono kwenye makaa, akamlaza ubavu, akamfungua kifungo cha shingoni, akakaa naye chini kwenye vumbi mpaka alipofungua macho. Hili naomba ulikumbuke tutakapomfikia tena.

Ndipo Tatu akampeleka hospitali, Kibaha. Daktari akamwanzishia vidonge vya kuzuia kifafa, akauliza maswali mengi, akatoa damu akasema inapelekwa mbali kupimwa. Siku majibu yaliporudi ulikuwepo mwenyewe, ulikuwa umekuja kumtazama mjukuu. Nesi akasoma karatasi: damu ya mtoto imekutwa na kingamwili za tegu wa nguruwe. Wewe ulisikia neno la kwanza tu, kinga. Tatu anasema ulimshika nesi mkono ukamshukuru, "Alhamdulillahi, kumbe mtoto ana kinga!" Nafikiri ulidhani ni kama zile kinga za kiunoni alizotuvalisha marehemu babu, kwamba wazungu nao mwishowe wamegundua mashine ya kuziona. Ningekuwepo ningecheka, mama. Sikuwepo, na tangu hapo hakuna aliyecheka.

Maana mlipofika nyumbani Tatu alikuambia na lile neno la pili. Ulisimama, anasema, ukashika kiuno. "Nguruwe? Nguruwe kaingilia wapi kwenye damu ya Mzaramo?" Siku ile ukasema kipimo kimekosea, damu imechanganywa na ya mtoto wa watu wengine. Kesho yake ukageuka, kipimo ni kweli, ila yupo mtu amemlisha mtoto haramu kwa siri, na ukatazama juu ya ua. "Kikulacho ki nguoni mwako," ukamwambia Tatu. Ukamchukua Mwanaidi ukaenda naye Kisarawe. Vidonge ukavimwaga chooni, kwa hoja kwamba mwenye kinga hana haja ya dawa, na aliyelishwa uchafu dawa yake ni kunywa kombe la aya. Tatu alipokuja kumfuata ukamwambia mtoto ni wa ukoo. Na serikali ya mtaa ukawa umeshafika, kutaka Mama Ombeni aondoe nguruwe, na ikiwezekana aondoke nao.

Yote hayo niliyajua kabla ya Jumatano, na nilinyamaza. Lakini Jumatano Tatu aliniambia umepanga albadiri baada ya swala ya Ijumaa, ili aliyemlisha mtoto nguruwe afe au awe kichaa, na kwamba umemtuma yeye akaulize kwa hila mama yake Mama Ombeni anaitwa nani. Eti mwalimu atakayeisoma amesema jina la mtu bila jina la mama yake ni barua bila anwani. Tatu hakwenda kuuliza. Alinipigia mimi.

Sasa nikueleze kipimo chenyewe, kama nilivyoelezwa na mimi. Wiki tatu zilizopita, Tatu aliponitajia majibu kwa mara ya kwanza, niliomba ruhusa nikashuka hospitali ya misheni iliyo karibu na kambi. Maabara pana dada mmoja anaitwa Upendo, mfupi, mcheshi, mikono yake hainyamazi. Nilimuuliza swali lako, mama, kwa sababu kusema kweli hata mimi sikuwa na jingine.

"Dada, mtoto akiambiwa ana kinga, sasa anaumwa nini?"

Akacheka, kisha alipoona uso wangu akaacha. "Kwani wewe wa wapi, kaka?"

"Kisarawe."

"Haya. Huko kwenu Kisarawe ukipita asubuhi ukakuta sungusungu wamejaa mlangoni kwa mtu, unaelewaje?"

"Kwamba kumeingia mwizi."

"Basi kingamwili ndiyo sungusungu wa damu. Mwili ukivamiwa unaita sungusungu wake, na kila mdudu ana wa kwake. Wa malaria hawafanani na wa tegu. Sisi kwenye kipimo hatumwoni mwizi, kaka, tunawaona sungusungu. Tukiwaona wa tegu wa nguruwe tunasema, huyu alifika."

"Alifika, au bado yumo?"

"Hapo ndipo damu inapofika mwisho. Damu inasema alifika. Kama bado yumo, ni wangapi, wako wazima au wamekufa wakawa kama vijiwe, wamejificha upande gani wa ubongo, hayo yanasemwa na picha ya kichwa. Ndiyo maana wanamtaka mtoto Dar. Mtu hatibiwi kichwa kwa kubahatisha."

Umeelewa, mama? Hao sungusungu hawamlindi Mwanaidi. Wanapiga filimbi. Ndiyo kazi wanayoiweza, kupiga filimbi tu, na sisi tumeisikia tukasema mtoto ana ulinzi.

Nikamuuliza la pili. Mtoto ambaye hajawahi kuonja nguruwe, wala mama yake, wala bibi yake, anapataje tegu wa nguruwe? Upendo akaniambia wengi wanajikwaa hapo, hata waliosoma. Anayekula nyama ya nguruwe mbichi au iliyoiva nusu, yenye wale wadudu, anapata tegu wa tumboni. Anakaa naye miaka, pengine haumwi chochote. Lakini kila anapokwenda chooni anatoa mayai yasiyoonekana kwa macho, na asiponawa vizuri yanabaki kwenye kucha, yanakwenda kwenye maji, kwenye matunda, kwenye mboga mbichi. Anayemeza mayai hayo ndiye ambaye wadudu wanampanda, kwenye nyama, kwenye macho, kwenye kichwa. Miaka inapita, halafu siku moja anaanguka.

"Mtoto hakula nguruwe, kaka," alisema. "Amekula mkono wa mtu aliyekula nguruwe. Mtafuteni humo humo nyumbani, atibiwe."

Nilikuwa nimeweka mikono juu ya meza yake. Niliitoa nikaiweka mapajani.

Mama, sasa soma taratibu. Mtu huyo ni mimi.

Unajua nilikuja huku kama mpishi wa kambi. Hukujua kwamba kila Jumamosi kambi inataka kitimoto, ndiyo nyama ya nguruwe hiyo. Mwaka wa kwanza nilikataa, Jumamosi akawa anapika mwingine. Mwaka wa pili msimamizi akasema mpishi ni mmoja, anayetaka kuchagua sufuria akachague kwao. Nikaanza kupika. Nilikuwa naosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa, watu wa kambi wakinicheka. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpishi, hata mwenye swaumu, huonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema. Nikawa naonja, natema. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Kuonja si kula, nikasema, na nisipoonja watu watalalamika chumvi.

Siku moja mvua ya mawe ilinyesha tangu asubuhi, nilikuwa natetemeka juu ya kikaango, na sikutema. Hakunilazimisha mtu. Nyama ilikuwa tamu, mama. Naandika hivyo kwa sababu nikiandika vingine utasema mwanangu alidanganywa, na utaanza kumtafuta aliyenidanganya. Baada ya hapo nikawa naonja zaidi ya chumvi, mara nyingi ikiwa bado nusu, nyekundu ndani, na ilikuwa nyama ya kununua vichochoroni isiyokaguliwa na bwana nyama. Watu wa huku wakarimu na nguruwe wao hawana kosa. Kinywa ni changu.

Miezi ikapita, nikaanza kuona chooni vipande vyeupe, bapa, kama tambi pana zilizokatwakatwa. Nilijua ni minyoo. Nilijua pia kwamba nikienda kwa daktari ataniuliza kama nakula kitimoto, na pale mapokezi kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu aliyenijua msikitini. Kwa kumwonea haya mwanamke huyo mmoja nikanunua vidonge vya minyoo dukani, nikameza, vipande vikapotea kidogo, nikasema yameisha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeisema mara ngapi nikicheka watu wengine! Sasa nalala nikiogopa kwamba maradhi niliyaficha mimi, na kifo kitamuumbua Mwanaidi.

Unaikumbuka ile Idi niliyokuja, Mwanaidi akiwa na miaka minne? Mlikuja wote Visiga. Ulikaa kwenye kigoda ukasema, "Leo apike mwanamume, tuone huko mlimani wanampendea nini." Nikapika pilau. Kisha nikatengeneza kachumbari. Nilitoka chooni, nikanawa maji matupu, kwa sababu kipande cha sabuni ya kunukia Tatu alikuwa amekiweka kwa ajili ya wageni na mimi nikajiona mwenyeji. Nikakata vitunguu, nikavitia chumvi, nikavikamua kwa mikono hii miwili mpaka maji yakatoka, nikachanganya nyanya na tango. Mwanaidi alisimama ubavuni kwangu na mdomo wazi kama kifaranga. Kila nilichokata nilimtilia kinywani kwa vidole vyangu. "Baba, tena." Nikampa tena. Nilikuwa sijamwona karibu mwaka mzima, nilifurahi kwamba hajanisahau.

Hiyo ndiyo nyama ya nguruwe aliyolishwa mjukuu wako, mama. Kachumbari.

Na mlikula wote. Wewe mwenyewe uliomba kuongezwa. Kwa hiyo Alhamisi Tatu akienda na mtoto, twende mbele turudi nyuma, na nyinyi mwambieni daktari mlikula, wewe, Tatu na shangazi, aone kama mnahitaji kupimwa. Mama Ombeni peke yake ndiye hakula. Siku ile alituletea soda, chupa zimefungwa na vifuniko vyake, akasema ameleta za kufungwa ili tusiwe na wasiwasi na vyombo vyake. Nilimshukuru nikiwa na mikono yenye chumvi ya vitunguu.

Upendo alinipima choo. Mayai yalikuwemo, miaka yote hii. Wakanipa dawa pale pale wakinitazama nameza, na tegu akatoka, sitakueleza. Nilirudi kambini nikamwambia msimamizi ukweli, kwa sababu kambi nzima imekula kwa mkono wangu. Jioni ile ile niliondolewa jikoni. Sasa napanga mawe ya mtaro. Wenzangu wametakiwa wote kwenda kupimwa, na mmoja aliyekuwa akiusifia mchuzi wangu kila siku, sasa akiniona anatema mate pembeni. Namwelewa.

Lakini kwenu nilinyamaza wiki tatu, mama. Nilijiambia kwamba mtoto anatumia vidonge, picha itapigwa, atatibiwa, na jina langu litapita katikati bila kuguswa. Niliposikia umemwaga vidonge nilisema utavirudia tu. Niliposikia umekwenda serikali ya mtaa nilisema Mama Ombeni ana ngozi ngumu. Jumatano ndipo nilipoishiwa. Nilimwambia Tatu pale pale kwenye simu. Kesho yake ukaja ujumbe mmoja: "Mwambie mama yako mwenyewe. Barua nitaibeba, mdomo wako sitaubeba." Hajasema anaondoka, hajasema anabaki. Dereva wa lori la mbao atampa barua hii barabarani Visiga, naye ataileta kwako. Kama anakutazama wakati unaisoma, jua ameshayajua yote, usimgombeze kwa lolote.

Utauliza kwa nini sikuja mwenyewe kupiga magoti. Nimeomba ruhusa, nimeambiwa nisubiri nipimwe choo mara ya pili wawe na hakika nimepona. Na hata wangeniruhusu leo, mama, sitaki kuvuka mlango wako na mikono hii kabla sijaambiwa ni safi.

Nakuomba sasa kuhusu mtoto, na hapa sijui niandike nini ili unisikie. Vidonge vya kifafa havikatizwi ghafla. Upendo alimwita tabibu anieleze hilo, na tabibu hakucheka hata kidogo. Alisema mtoto aliyekatizwa anaweza kuanguka mfululizo, bila kuamka kati ya mara moja na nyingine, na wengine hawaamki kabisa. Tatu amekuja na vidonge vipya, vimo kwenye mkoba wake. Mpe mtoto leo, kabla hujamaliza kunikasirikia. Na usimpe dawa ya minyoo ya dukani, hata kwa huruma, hata akikushauri nani. Wadudu waliomo kichwani wakiuawa bila daktari kusimamia, ubongo unaweza kuvimba. Kombe mpe. Msomee, mwombee, mfunge na hirizi ukitaka. Kombe na vidonge havigombani tumboni. Mimi sijakuomba uache chochote cha kwako, nimeomba urudishe cha daktari.

Akianguka, mshike, mama. Mlaze ubavu, ondoa moto na mawe karibu, usimtie kijiko mdomoni. Haambukizi, si kwa mate, si kwa ushuzi. Kama kifafa chake ni cha kuambukizwa basi aliambukizwa na mimi, na amekwisha kukipata, na hakuna mwingine atakayekipata kwa kumkumbatia. Nakulilia. Niko kwenye kitanda cha kambi, watu wananitazama nalia wanadhani nimepata habari ya msiba. Usiache iwe kweli.

Toba yangu kwa Mwenyezi Mungu nimeianza, hiyo ni kati yangu na Yeye. Wewe sikuombi unisamehe wiki hii. Wiki hii msamaha utakuchelewesha. Wahi Alhamisi kwanza.

Nisalimie shangazi Mwamvita, aliyenilea mgongoni wakati wewe uko shamba, mwambie kunawa kwa sabuni kuanzie kwake, maana ndiye mpishi wa hapo. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyembeba Mwanaidi kivulini siku ya kwanza. Nisalimie mkweo Tatu, usimnyime chai akiwa amekuja kwa miguu kutoka stendi. Mwanaidi mbusu ule mkono ulioungua. Akikuuliza baba anakuja lini, mwambie anaosha mikono.

Na goti likikuruhusu, nenda Visiga, mama. Si kwa simu. Nenda mpaka kwenye ua wa Mama Ombeni, uite hodi kwa sauti, mtaa usikie kama ulivyousikia ulipomshtaki. Sijui utamwambia nini. Mimi nimejaribu kuandika maneno ya kumpa nikayafuta yote.

Kama baada ya haya moyo wako unakataa, ikawa Ijumaa lazima isomwe, sitakuzuia, uliapa mbele ya watu. Lakini usimtume tena Tatu kutafuta jina. Mpe mwalimu hili langu. Tangu nizaliwe sijawahi kulitamka jina lako kwa mdomo wangu, wala kuliandika, kwa heshima. Leo naliandika kwa sababu mwalimu atalihitaji.

Ni mimi,
Kondo, mwana wa Mwanahawa.